Mkasi na Saa

Nina ugomvi na watu wanaotengeneza kozi za video kuhusu mifumo endeshi ya wakati halisi. Kwa kuwa mimi mwenyewe nimo katika kazi hiyo, msomaji asidhani ninawasengenya majirani nikiwa nyuma ya ua. Ninawasema nikiwa nimeketi nao mkeka mmoja. Ugomvi wenyewe ni juu ya mkasi. Kila video hukatwa, na mhariri hulipwa kwa kukata. Lakini somo letu sisi ni wakati. Mtu akikata wakati katika somo la wakati, amebakiza nini cha kufundisha?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na jambo hili, nieleze kwa ufupi. Kompyuta iliyopo mezani kwako ina mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayozigawia nafasi programu nyingine: hii ifanye sasa, ile ingoje. Mfumo huo hujitahidi kuziridhisha zote kwa wastani. Ukibonyeza kitufe na ukurasa ukachelewa nusu sekunde kufunguka, utanung'unika kidogo, kisha maisha yataendelea. Lakini ndani ya pampu ya dawa hospitalini, ndani ya breki za gari, ndani ya mashine ya kutotolesha vifaranga, mna kompyuta ndogo, pengine ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na hiyo haina ruhusa ya wastani. Imepewa kazi kadhaa, na kila kazi ina ukomo wake wa muda. Jibu likija baada ya ukomo huo, hata liwe sahihi namna gani, halina faida tena, na pengine lina madhara. Mfumo unaozisimamia kazi za namna hiyo ndio tunaouita mfumo endeshi wa wakati halisi.

Watu wengi, wakiwamo baadhi ya walimu wenzangu, hudhani maana yake ni kasi. La hasha. Methali isemayo haraka haraka haina baraka yafaa ibandikwe juu ya mlango wa kila karakana yetu, na pembeni yake ibandikwe ile ya chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kompyuta ya polepole inayofika kila mara kwa saa iliyoahidi ni bora kwetu kuliko ya mbio ambayo siku moja katika mia haifiki.

Sasa zitazame kozi zilivyo. Nimetazama nyingi, za Kiingereza kwa wingi na za Kiswahili chache, kwa sababu nilitaka kujua wenzangu wanafanyaje. Zinafanana kama mayai. Mwalimu anatokea akitabasamu, na muziki unapiga. Anaunganisha bodi na kompyuta. Anaandika kazi ya kwanza, ya kuwasha na kuzima taa ndogo nyekundu kila nusu sekunde. Anaandika ya pili, ya taa ya kijani. Anapakia programu, hapo mkasi unapita, na mara taa zote mbili zinakonyeza. "Mmeona? Kazi mbili kwa pamoja!" Kisha inafuata semafo, kisha foleni ya ujumbe, kisha maswali kumi ya kuchagua jibu, kisha cheti chenye nakshi. Tangu mwanzo hadi mwisho hakuna kazi hata moja iliyochelewa, wala mfumo ulioganda. Mwanafunzi ameonyeshwa kila chombo cha zimamoto, akaambiwa jina lake na bei yake, na moto hakuuona.

Na hizo taa, hebu tuzizungumze. Video ya kawaida ina picha 25 au 30 kwa sekunde, maana yake baina ya picha moja na ya pili hupita milisekunde 40 au 33. Chukua bodi za ESP32, ambazo mafundi wengi wa kwetu wanazimudu kwa bei. Mazingira rasmi ya mtengenezaji wake huja yakiwa yamepangwa mapigo 100 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 10 mfumo hujihesabia pigo moja na kuangalia nani muda wake wa kuamka umefika. Kwa hiyo kabla kamera haijafumbua jicho mara ya pili, mfumo umeshahesabu mapigo matatu au manne. Kazi yaweza kuchelewa, ikapitwa, ikarudi mahali pake, na kamera isione lolote. Taa iwakayo kila baada ya milisekunde 500 barabara, na taa iyumbayo baina ya 490 na 510, kwa mtazamaji ni taa moja. Mwalimu anayetumia taa kuthibitisha kwamba mfumo wake unatunza wakati anapima dhahabu kwa mizani ya magunia ya mahindi.

Dawa ipo, wala si ghali. Kuna kifaa kidogo cha kuchora mawimbi, chenye njia nane, kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kila kazi inapoanza hupandisha pini yake, inapomaliza huishusha, na kwenye kioo huonekana mistari: huyu ameingia, huyu amemkatiza mwenzake, huyu amengojea, huyu amechelewa kwa milisekunde mbili na robo. Mistari hiyo ndiyo somo. Lakini haipendezi machoni wala haichezeki na muziki, na wahariri niliofanya nao kazi huiona ni kama karatasi ya hospitali ya mapigo ya moyo wa mtu wasiyemjua.

Nitoe mfano mdogo ambao taa haziwezi kuuonyesha. Fundi anataka kazi yake iamke kila milisekunde 100. Mfumo wa FreeRTOS, ambao Richard Barry aliuanzisha mwaka 2003 na ambao leo ndio mlango wa wanafunzi wengi, una amri mbili za kusubiri. Moja huhesabu kuanzia pale ilipoitwa. Nyingine huhesabu kuanzia kazi ilipopaswa kuamka mara iliyopita. Kozi nyingi hufundisha ya kwanza tu, kwa sababu ni fupi kuiandika. Tuseme pigo ni la milisekunde 1, na kazi yenyewe hutumia milisekunde 3. Kwa amri ya kwanza, kazi haitaamka kila milisekunde 100 bali kila 103 hivi. Katika kipande cha video cha sekunde kumi itaamka mara 97 badala ya 100, nani atahesabu? Katika saa moja itakuwa imepungukiwa na mara elfu moja na zaidi. Kama kazi hiyo ilikuwa kuhesabu maji au umeme wa mteja, basi kuna mtu anaibiwa, na mwizi ni amri iliyofundishwa kwa tabasamu.

Hapo ndipo ubaya wa mkasi unapoonekana wazi. Makosa ya wakati yana tabia ya kukua polepole, kama mchwa, na video ya dakika sita haina subira ya kumngoja mchwa.

Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa makombora ya Patriot ulishindwa kulizuia kombora la Scud, nalo likaangukia kambi na kuua askari 28 wa Marekani. Saa ya ndani ya mtambo ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde. Moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika namba za kompyuta, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Kuna kipande hutupwa, kidogo mno. Mtambo ukiwa umewaka saa 8, kosa lilikuwa chini ya sekunde 0.03. Siku ile ulikuwa umewaka zaidi ya saa 100, na kosa limefika karibu sekunde 0.34. Kombora liendalo zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde lilikuwa limeshapita mahali lilipotafutwa kwa zaidi ya nusu kilomita. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake. Wenye mtambo hawakuwa wajinga. Mtambo ulibuniwa uwe wa kuhamahama, uwashwe kwa muda mfupi na kuzimwa, na hakuna aliyekaa kuutazama kwa saa mia moja.

Au tusiende vitani. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu ndege za Boeing 787: zikikaa na umeme siku 248 mfululizo bila kuzimwa, vidhibiti vya jenereta zake vyaweza vyote kujizima kwa wakati mmoja. Mtu akipiga hesabu ataona kwamba siku 248 ndizo hasa zinazojaza namba ya biti 31 ukihesabu kwa sehemu za mia za sekunde. Na fundi wa mtaani mwenye kaunta ya biti 32 na mapigo 1,000 kwa sekunde, ajue kwamba kaunta yake itarudi sifuri baada ya siku 49 na saa 17. Kuna namna rahisi ya kuandika hesabu ili kurudi huko kusidhuru kitu, na yaelezeka kwa dakika mbili. Katika kozi tisa nilizozimaliza, moja tu ilizitumia dakika hizo mbili.

Nimesema juu ya vifaranga, na sikuvitaja bure. Mwaka 2022 alinijia kijana mmoja kutoka upande wa Kibaha, fundi stadi wa mikono, aliyemtengenezea shangazi yake mashine ya kutotolesha ya mayai 500. Mayai ya kuku huchukua siku 21, na joto linatakiwa likae karibu nyuzi 37.5 mchana na usiku. Siku ya 17 ikaenda vizuri. Usiku wake joto likapanda. Hakuangua hata mmoja.

"Shikamoo, mwalimu. Mashine ni nzima," akaniambia. "Nimeijaribu wiki nzima haina tatizo. Shangazi anasema nimemroga. Mimi nasema labda mayai yalikuwa mabaya."

"Marahaba. Usiku ule mtandao wa simu ulikuwapo?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa juu ya mvua. Baadaye akakumbuka kwamba haukuwapo. Mtaa mzima ulilalamika.

Tukaifungua programu yake. Alikuwa na kazi tatu. Ya kipaumbele cha juu ilisoma joto na kuwasha au kuzima hita. Ya kati ilimtumia shangazi ujumbe wa simu. Ya chini iliandika joto kwenye skrini ndogo. Kipimajoto na skrini vilitumia nyaya zilezile mbili, kwa hiyo aliweka kufuli: anayetaka nyaya achukue kufuli kwanza, akimaliza alirudishe. Vizuri kabisa. Usiku ule kazi ya skrini ikachukua kufuli. Kabla haijamaliza, ikakatizwa na kazi ya ujumbe, yenye haki kubwa kuliko yake. Kazi ya ujumbe ikaanza kuutafuta mtandao, na namna alivyoiandika, haikulala kati ya jaribio moja na jingine. Ilizunguka tu, ikitafuta. Kazi ya hita ikaamka, ikataka nyaya, ikakuta kufuli liko kwa skrini. Ikangoja. Skrini nayo haikuweza kurudisha kufuli kwa sababu haikupewa nafasi. Basi mkubwa akamngojea mdogo, mdogo akamngojea wa kati, na wa kati akazunguka usiku kucha akiulizia mtandao. Hita ilikuwa imewashwa ilipoachwa, ikabaki imewashwa. Na skrini, ambayo haikuandikwa upya, ilisoma 37.5 mpaka alfajiri. Shangazi alipita saa saba usiku akaiona namba hiyo, akarudi kulala kwa amani. Kulipokucha mtandao ukarudi, kila kazi ikaendelea, na mashine ikawa nzima.

Ugonjwa huu una jina na una historia. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kikiendeshwa na mfumo wa VxWorks, na siku chache baadaye kikaanza kujizima na kujiwasha chenyewe. Kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli. Kazi za kati zikaikatiza. Kazi kubwa ya kusimamia njia ya data ikangoja mpaka ikapitwa na muda wake, na mlinzi wa ndani alipoona haijatimiza wajibu akaiwasha kompyuta upya. Wahandisi huko California walikuwa na pacha wa chombo hicho, wakamwendesha mpaka naye akaanguka vilevile, wakiwa wameandika kila tukio. Kisha wakatuma marekebisho Mirihi: walibadilisha alama moja tu katika kufuli, ili anayelishika arithi kwa muda kipaumbele cha yule anayelingojea, amalize upesi, aliachie. Dawa hiyo ya kurithisha kipaumbele Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky walikuwa wameichambua katika makala yao ya mwaka 1990. Wahandisi hao walisema pia kwamba kosa lilikuwa limejitokeza kabla ya chombo kutua, lakini lilipotafutwa likakataa kujirudia.

Katika FreeRTOS kuna makufuli ya aina mbili yanayofanana sura. Moja ni myuteksi, na lina urithi huo wa kipaumbele. La pili ni semafo ya hali mbili, na halina. Kijana wangu alitumia la pili. Nilimwomba anionyeshe kozi aliyojifunzia, akanionyesha. Ilikuwa ya saa nne, na cheti chake amekitia fremu. Mwalimu wake anasema, kwa sauti nzuri, kwamba hivi viwili ni kitu kimoja, chagua ukipendacho. Na katika mfano wake ni kweli! Taa mbili zinapokezana, hakuna kazi ya tatu katikati, hakuna mtandao unaopotea. Ili tofauti ionekane ingebidi mfano uharibike mbele ya kamera, na ukae umeharibika, mtu akiutazama.

Mwaka uliofuata taasisi moja ya mafunzo, ambayo sitaitaja, iliniita nitengeneze kozi ya namna hii kwa Kiswahili, masomo 14. Katika kikao cha kwanza mtu aliuliza kama Kiswahili kina maneno ya kutosha. Nikamwambia kazi ipo, kipaumbele kipo, kufuli lipo, urithi upo, na foleni hakuna mkazi wa Dar es Salaam anayehitaji kuelezwa. Tukaendelea.

Somo la 11 nililitengeneza kwa kisa cha mashine ile. Nilichukua boksi la kadibodi, balbu kuwa hita, kipimajoto cha kawaida cha kioo pembeni, na skrini ndogo ya mashine mbele. Upande wa kulia mistari mitatu ya kazi tatu. Kwenye kona saa inayotembea. Nikang'oa antena. Kisha nikanyamaza. Kwa dakika kumi na moja hakuna aliyesema neno: mstari wa kati umepanda haushuki, ile mingine miwili imelala, skrini inasoma 37.5, na kipimajoto cha kioo kinapanda, 38, 39, 40, 41. Ndipo nikaanza kueleza. Somo zima lilikuwa dakika 38.

Walinirudishia dakika sita. Ukimya wote ulikuwa umekatwa. Katika picha moja kipimajoto kiko 37, katika inayofuata kiko 41, na mshale mwekundu unakielekea huku ngoma ikilia. Kilichokatwa ndicho kilichomdanganya shangazi. Skrini iliyoganda haionekani imeganda ikiwa video yenyewe imeruka. Namba isiyobadilika kwa sekunde mbili ni namba tu, na namba isiyobadilika kwa dakika kumi na moja ndiyo inayotia shaka. Wakaongeza pia ombi: somo lianze na programu iliyo sahihi, ili wanafunzi "wasivunjike moyo". Niliwaandikia barua mbili. Walijibu kwamba watazamaji wao huondoka baada ya dakika ya sita. Nikaondoa jina langu, wakanilipa nusu ya kazi, na kozi iko sokoni ikiwa na sauti ya mtu mwingine.

Nisiwe mpotoshaji nikaficha hoja zao zenye nguvu. Ya kwanza ni ya vifurushi. Mwanafunzi wetu hulipia intaneti kwa megabaiti, na anayemwongezea dakika thelathini anamwongezea gharama. Ni kweli, na mtu anayelipiwa intaneti na ofisi asiipuuze. Lakini kinachokula data katika video ni mwendo na rangi: mwalimu anayetembeatembea, nembo inayozunguka, mandhari. Kioo chenye mistari mitatu iliyotulia na namba isiyobadilika hubanwa kikawa kidogo sana. Ondoa nembo, uniachie ukimya wangu. Tena somo laweza kushushwa mara moja kibandani na kupitishwa kwa kadi ya kumbukumbu kutoka simu hadi simu, kama mafundi wetu wanavyofanya kwa miziki.

Hoja ya pili ni kwamba watu wamechoka, wanajifunza usiku baada ya kazi, na mwalimu asiwachoshe zaidi. Hiyo naikubali nusu. Kuna muda wa mwalimu na kuna muda wa mashine. Muda wa mwalimu ukatwe bila huruma: kukohoa kwangu, kusubiri programu ipakiwe, kutafuta waya chini ya meza, na zile salamu ndefu ambazo hakuna aliyeziomba. Mimi hukata hivyo mpaka mhariri hushangaa. Lakini tangu mashine inapoanza kufanya kazi yake mpaka inapoanguka, huo si muda wangu wa kugawa, na pale ambapo lazima upunguzwe, kwa mfano kosa linalotaka siku tatu, basi saa ya kwenye kona ionyeshe wazi kwamba tumeruka siku tatu, na jedwali la kila saa libaki kwa mwenye kutaka kulisoma.

Hoja ya tatu, ya kuvunjika moyo, siijibu kwa upole. Anayevunjika moyo kwa kuona balbu imechemsha boksi la kadibodi, nani atamtuma kwenye mashine ya hospitali?

Kuna jambo jingine linaloniudhi katika kozi hizi, dogo lakini sugu. Video haisahihishiki kama kitabu. Mfumo wa ThreadX ulikuwa wa kampuni ya Express Logic, ukanunuliwa na Microsoft mwaka 2019 na kupewa jina jipya, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba unakabidhiwa shirika la Eclipse, na jina likabadilika tena. Video za jina la katikati bado zinauzwa. FreeRTOS nayo tangu 2017 iko chini ya Amazon. Na katika FreeRTOS kipaumbele chenye namba kubwa ndicho chenye haki kubwa, ilhali katika VxWorks na ThreadX ni kinyume, sifuri ndiye mfalme. Fundi aliyehama kutoka huku kwenda kule akiwa na kozi ya haraka kichwani atazipa taa haki ya breki. Sentensi moja ingetosha kumwonya, lakini mtengenezaji wa video humfundisha kana kwamba dunia ina mfumo mmoja, ule anaouuza.

Na cheti. Mwaka 1973 C. L. Liu na James Layland walichapisha hesabu ambayo ingefaa iwe swali la kwanza la mtihani wowote wa fani hii. Kazi zikiwa za kujirudia na zisizotegemeana, kila moja ikitakiwa kumaliza kabla ya zamu yake ijayo, na inayojirudia upesi zaidi ikapewa kipaumbele zaidi, basi jumla ya muda zinaoutumia isipozidi karibu asilimia 69 ya uwezo wa kompyuta, hakuna itakayochelewa, ziwe kazi ngapi. Huhitaji kubahatisha, unapiga hesabu kabla hujanunua bodi. Maswali ya vyeti nilivyoviona huuliza semafo ni nini, a, b au c.

Somo la 11 nimelirekodi upya kwa gharama zangu, dakika zote 38, na ninaligawa kwenye kadi pamoja na mengine 13. Ninapopigiwa simu na mtu nisiyemjua, jioni jioni, mara nyingi huwa amefika dakika ya kumi na mbili. "Samahani mwalimu, naona video yako imeganda." Namwambia atazame saa ya kwenye kona. Anakaa kimya. "Saa inatembea," anasema. Namwambia basi video haijaganda, atafute kilichoganda, nami nabaki kwenye simu nikimsikiliza akitafuta.